Mtoto Anaanza Shule ya Msingi Japani: Mwongozo Kamili kwa Mzazi Asiyesoma Kijapani

Kila ikifika Juni napokea ujumbe uleule kutoka kwa wazazi wenzangu, wengi wao familia za wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliokuja Japani na watoto. Mtoto ameandikishwa, begi limenunuliwa, mwalimu ni mtu wa tabasamu. Lakini kila siku mtoto anarudi kanuna. Jana yeye peke yake hakuwa na kitambaa cha deki. Juzi yeye peke yake alikaa kando ya bwawa wenzake wakiogelea. Wiki iliyopita yeye peke yake alikwenda bila chakula siku ambayo kila mtu alibeba cha kwao.

Mzazi hudhani shida ni lugha. Nikimuuliza karatasi za wiki hii ziko wapi, ananijibu ziko ndani ya begi. Shida ni hapo.

Shule ya msingi ya Japani huzungumza na nyumbani kwa karatasi, na siku hizi kwa programu ya simu pia. Kilichoandikwa huchukuliwa kuwa kimesomwa, na ukikaa kimya wataelewa kwamba umekubali. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Zinahusu shule za serikali. Za kimataifa zina taratibu zao.

## Andaa hivi kwanza

Nyaraka:

- Kadi ya ukaazi (zairyū kādo) ya mtoto na yako, pamoja na pasipoti.
- Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo zote. Watu wengi huiacha nyumbani kwa bibi. Mpigie bibi aipige picha leo, kila ukurasa.
- Ripoti za shule aliyotoka, kama alishaanza.
- Kitabu cha benki au cha posta cha hapa Japani.
- Namba za simu za watu wawili wanaoweza kumchukua mtoto wewe usipopatikana.

Vya nyumbani: kipimajoto, kalamu nyeusi ya wino usiofutika, lebo za kubandika na za kupigia pasi, kalenda kubwa ya ukutani, klipu mbili, na kopo la chenji zenye sarafu za yen 1, 5, 10, 50 na 100. Kopo hilo nitalirudia.

Usinunue begi bado.

## Hatua ya 1: Manispaa, kisha bodi ya elimu

Ukishapata makazi una siku 14 za kusajili anwani kwenye ofisi ya manispaa. Bila anwani hakuna shule, kwa kuwa shule ya mtoto hupangwa kwa mtaa unaoishi. Siku hiyohiyo, mara nyingi jengo hilohilo, uliza kitengo cha bodi ya elimu (kyōiku iinkai) na useme unataka mtoto asome shule ya serikali. Watakupa fomu ya maombi.

Usiruke sehemu hii ukidhani watakufuata. Sheria ya elimu ya lazima inawabana raia wa Japani. Mtoto wa mgeni hupokelewa bila ada na hupewa vitabu vya kiada bure, ila mzazi ndiye wa kuomba. Kama mnaishi hapa tayari na mtoto anakaribia miaka sita, manispaa kwa kawaida hutuma barua ya mwongozo kabla ya mwaka wa shule. Uchunguzi wa afya wa wanaoanza hufanyika majira ya vuli, kwa kawaida Oktoba au Novemba. Ukikosa siku hiyo, piga simu uulize ya kufidia.

Mwaka wa shule unaanza 1 Aprili. Darasa hupangwa kwa tarehe ya kuzaliwa tu: aliyezaliwa kati ya 2 Aprili 2019 na 1 Aprili 2020 anaanza darasa la kwanza Aprili 2026. Ripoti nzuri ya Dodoma au Kisumu haimpandishi, na kutojua Kijapani kwa kawaida hakumshushi. Kwetu mwaka wa shule huanza Januari, kwa hiyo mtoto aliyemaliza darasa la pili Desemba anaweza kujikuta kaingizwa katikati ya darasa lisilolingana na alipoishia. Usigombane nao kwa hilo. Uliza badala yake kama kuna darasa la ziada la Kijapani, na kama halipo shuleni kwake, ni shule gani jirani inalo.

Tahadhari kuhusu tarehe. Fomu nyingi hutumia mwaka wa enzi, Reiwa. Chukua mwaka wa kawaida utoe 2018: mwaka 2026 ni Reiwa 8. Kwa waliozaliwa kabla ya Mei 2019 enzi ni Heisei, toa 1988. Na mpangilio ni mwaka, mwezi, siku. Nimeona mtoto wa tarehe 4 Septemba akiandikwa wa 9 Aprili, na marekebisho yakachukua safari tatu.

Ukiwa hapohapo omba pia posho ya watoto (jidō teate), maana ina siku 15 tu tangu uhamie. Tangu Oktoba 2024 ni yen 15,000 kwa mwezi kwa mtoto wa chini ya miaka 3, yen 10,000 kuanzia miaka 3 hadi umri wa kumaliza sekondari ya juu, na yen 30,000 kwa mtoto wa tatu na kuendelea. Uliza vilevile cheti cha matibabu ya watoto. Kila manispaa ina kiwango chake cha msaada.

Umefaulu ukipata karatasi yenye jina la shule, na siku ya kwenda kuonana nao.

## Hatua ya 2: Amua jina moja, uliandike kwa katakana

Hili linaonekana dogo. Kadi ya ukaazi ina majina matatu kwa herufi za Kirumi, na shule inataka jina la kuita na jina la ukoo. Usipochagua wewe, karani atachagua, na mtoto atajikuta anaitwa kwa jina la babu yake.

Bahati yetu, Kiswahili kinaingia katika katakana, herufi za Kijapani za kuandikia maneno ya kigeni, kama mkono katika glavu, kwa sababu silabi zetu huishia na irabu. Baraka ni バラカ, Zawadi ni ザワディ, Juma ni ジュマ. Tabu iko kwenye L na R, ambazo kwao ni sauti moja, na kwenye dh, th na gh ambazo hazipo. Fadhili atakuwa ファディリ, hakuna namna.

Ukishaamua, andika jina hilohilo kila mahali: fomu, begi, viatu, benki. Piga picha ya maandishi hayo uiweke kwenye simu. Jina likiandikwa namna mbili, mtoto anaweza kuwa watu wawili kwenye faili.

Na wewe jiandae kupoteza lako. Kina mama wa hapa huitana kwa jina la mtoto, “Baraka-kun no mama”. Aliyekua akisikia “Mama Baraka” dirishani hahitaji kufundishwa.

## Hatua ya 3: Siku ya kuonana na shule, sema mambo yako yote

Watakaa nawe mwalimu mkuu au msaidizi wake, pengine na mwalimu wa afya. Watauliza maswali machache kwa adabu, na utashawishika kujibu “hamna shida” kwa kila kitu. Usifanye hivyo. Siku hii wanategemea kusikia mahitaji yako na kuyaandika. Ukiyaleta mwezi Juni yataonekana ni mabadiliko, nayo mabadiliko huenda kikaoni.

Andika kwa Kijapani kwa msaada wa programu ya tafsiri, karatasi moja, sentensi fupi:

Chakula. Kila asichokula, na sababu: dini au mzio. Vitenganishe, kwa kuwa mzio una fomu yake ya daktari.

Hereni. Watoto wetu wa kike hutobolewa masikio wachanga. Shule nyingi za hapa haziruhusu hereni. Eleza kuwa ni desturi ya kwenu, kisha uliza wanachotaka: azivue kabisa, au avae kijiti cha plastiki kisichoonekana. Wakikataa, avae jioni na wikendi.

Nywele. Waambie nywele zilizosukwa hazifumuliwi kila siku, na kwamba kofia ya kuogelea itahitaji kuwa kubwa zaidi. Picha moja husaidia kuliko maelezo.

Hina, Idi na funga. Watu wa pwani na wa visiwani, hili ni letu. Mtoto akienda na mikono yenye hina bila taarifa, mwalimu anaweza kudhani ni wino au ugonjwa wa ngozi. Siku ya Idi si sikukuu hapa, kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi. Kwa mtoto mkubwa anayejaribu kufunga Ramadhani, shule itataka kujua afanye nini saa ya michezo na akae wapi wenzake wakila.

Mwishoni uliza mambo mawili: ujumbe unakuja kwa karatasi au kwa programu gani ya simu, na nani anapokea simu asubuhi. Usiondoke bila kuiweka hiyo programu kwenye simu yako palepale.

## Hatua ya 4: Chakula cha mchana

Chakula cha shule (kyūshoku) huliwa darasani. Watoto hupakuliana kwa zamu wakiwa wamevaa aproni nyeupe na kofia, na mwalimu hula nao. Baadhi ya miji imefuta malipo. Uliza kama wa kwenu unatoza, na kiasi gani kwa mwezi. Ni chakula kizuri, na mtoto hujifunza Kijapani kingi kwenye meza hiyo. Sipendekezi kumtoa kabisa kama si lazima.

Kwa familia isiyokula nguruwe, kazi hufanyika mwisho wa mwezi uliotangulia, ratiba ya vyakula (kondatehyō) ikija. Kaa nayo na kalamu nyekundu ukitafuta maneno haya:

- 豚 (buta), nguruwe. Hujificha kwenye supu, mandazi ya nyama na mchuzi wa kari.
- ベーコン, ハム, ウインナー: bekoni, hamu, soseji.
- ラード, mafuta ya nguruwe.
- ゼラチン, jelatini, kwenye vitamutamu vya mwisho.
- 酒 na みりん, vileo vya kupikia. Kila familia iamue mpaka wake mapema na isiubadilishe kila wiki, la sivyo mtoto na mwalimu wote watachanganyikiwa.

Zungushia siku zenye tatizo, piga picha, mpe mwalimu nakala. Siku hizo mtoto anabeba chake, na siku nyingine anakula cha shule.

Siri niliyojifunza kwa mtoto wangu wa kwanza: pika kinachofanana na cha siku hiyo. Wenzake wakila kari, mpe kari yako ya kuku na wali. Nilimpakia chapati na maharage siku ya kari, chakula anachokipenda kuliko vyote, akarudi nacho kizima. Hakutaka kutazamwa. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akiniomba chapati ili awaonjeshe wenzake, ingawa kugawana chakula shuleni hawaruhusu. Muda ulifanya kazi yake.

Kiangazi weka kipande cha barafu ya jeli juu ya mkebe, maana joto la Juni na Julai huchachusha wali kabla ya saa sita. Pipi na biskuti hazibebwi.

Kuhusu chupa ya kinywaji: karatasi itasema “ocha”, na programu ya simu itakutafsiria “chai”. Mama mmoja ninayemfahamu alimtilia mwanawe chai ya maziwa, sukari na iliki. Wanamaanisha chai kavu ya baridi isiyo na sukari, kama ya shayiri, au maji. Juisi hairuhusiwi.

Umefaulu ikiwa ratiba ya mwalimu na iliyo kwenye friji yako zina duara nyekundu siku zilezile.

## Hatua ya 5: Vifaa, na kuandika majina mpaka mkono ufe ganzi

Sasa nunua, ukiwa na orodha ya shule mkononi. Begi la ngozi gumu (randoseru) jipya hufika yen 50,000 na kupita. Si sheria kuwa nalo. Uliza kama begi la kawaida linakubalika, au kama kuna la mtoto aliyemaliza darasa la sita. Majirani wa Japani hutunza vitu, na begi la miaka sita linaweza kuonekana la miezi sita.

Vingine ambavyo karibu kila orodha huwa navyo:

- Viatu vyeupe vya ndani (uwabaki) na mfuko wake. Vya nje haviingii ndani.
- Nguo za michezo, na kofia nyekundu upande mmoja, nyeupe upande wa pili.
- Kofia ya kitambaa kinene cha kujikinga wakati wa tetemeko (bōsai zukin), pale shule inapotaka.
- Vitambaa viwili vya deki vilivyoshonwa (zōkin). Watoto husafisha shule wenyewe. Taulo kuukuu lililokunjwa na kushonwa linatosha.
- Penseli za 2B, kifutio cheupe kisicho na picha, penseli nyekundu. Penseli za kubonyeza haziruhusiwi, na wala usimnunulie kifutio cha umbo la keki hata akilia.

Andika jina kwenye kila kimoja. Nikisema kila kimoja, namaanisha kila penseli, kila upande wa kiatu, kila soksi ya kubadilisha. Kisha litakuja boksi la hesabu (sansū setto), lenye vijiti, kadi na vidude vya kuhesabia vidogo kama punje za mahindi, navyo vyote vinaandikwa jina. Agiza lebo ndogo zilizochapishwa mapema, Februari au mwanzoni mwa Machi. Niliyefanya kwa kalamu usiku wa kuamkia shule naijua gharama yake.

Sababu ipo: vitu vya watoto 30 vinafanana kabisa, na kisicho na jina huishia kwenye kapu la vilivyopotea, ambako hata mwenyewe hawezi kuthibitisha kuwa ni chake.

Nunua viatu na nguo za michezo kubwa kidogo. Begi usinunue kubwa, lina saizi moja.

## Hatua ya 6: Njia ya shule

Mtoto anakwenda kwa miguu. Kumpeleka kwa gari si kawaida, na shule nyingi zimekataza kusimamisha gari langoni. Sehemu nyingi watoto wa mtaa mmoja hutembea kwa kundi, wakiongozwa na mkubwa wa darasa la sita.

Kabla ya siku ya kwanza tembeeni njia hiyo mara tatu, mara moja kati ya hizo mvua ikinyesha. Mwonyeshe nyumba na maduka yenye kibandiko cha こども110番, mahali anapoweza kukimbilia akiogopa. Mfundishe king’ora cha kuvuta kinachoning’inia kwenye mkanda wa begi.

Kuwa makini na saa. Wao huandika 7:40, sisi tunasema saa moja na dakika arobaini. Ukiwa na haraka asubuhi, kichwa hubadilisha chenyewe: niliwahi kumwandikia mwalimu kwamba nitamchukua mtoto saa 4:00 kwa daktari, nikimaanisha saa nne asubuhi. Tangu hapo naandika 10:00 na kuisoma kwa sauti kabla sijafunga daftari. Na kundi likipangwa kuondoka 7:40, linaondoka 7:40.

Pengine utapangiwa zamu ya kushika bendera kwenye kivuko. Ikubali. Dakika ishirini hizo zilinipa marafiki kuliko mwaka mzima wa kusalimiana kwenye lifti.

Shule pia hufanya zoezi la kukabidhi watoto wakati wa janga (hikitori kunren). Tetemeko kubwa likitokea, mtoto atakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye kadi tu. Mwandike jirani anayefika kwa miguu. Binamu wa mji wa pili hafai, kwa kuwa treni zitakuwa zimesimama.

## Hatua ya 7: Kila jioni, begi kabla ya chakula

Ukiweza hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii.

Mtoto akiingia, kabla hajala, mnafungua begi pamoja. Toeni jalada la barua na daftari la mawasiliano (renrakuchō). Gawa karatasi mafungu mawili: za kurudishwa, na za kujua tu. Za kurudishwa jaza usiku huohuo na uzirudishe begini. Tarehe zote ziende kwenye kalenda ya ukutani. Za kujua ziende kwenye klipu.

Maneno ya kutambua kwa macho, hata kama husomi kingine chochote:

- 提出 (teishutsu): irudishwe.
- 締切 au しめきり (shimekiri): mwisho wa kurudisha.
- 持ち物 (mochimono): vitu vya kuleta.
- 集金 (shūkin): michango.
- 弁当 (bentō): siku hiyo chakula kinatoka nyumbani.
- 下校 (gekō): saa ya kutoka shule, ambayo hubadilika mara kwa mara.
- 保護者 (hogosha): mzazi. Aghalabu hapo ndipo unaposaini au kugonga muhuri.
- 延期 (enki), imeahirishwa. 中止 (chūshi), imefutwa.

Elekeza kamera ya simu upate tafsiri, lakini usiiamini kwenye maandishi ya mkono. Mwalimu akiandika kwa mkono na usielewe, jibu kwenye daftari: わかりません。教えてください。 Maana yake hujaelewa, unaomba akueleze. Hakuna aibu ndani yake. Walimu niliokutana nao walianza kuandika kwa herufi rahisi baada ya mara ya kwanza.

Tahadhari: ukitia saini karatasi usiyoielewa, umekubali. Wapo waliokubali hivyo kuwa wajumbe wa kamati ya wazazi kwa mwaka mzima.

Ijumaa ina mzigo wake. Viatu vya ndani huja nyumbani kuoshwa. Kama mtoto alikuwa zamu ya kupakua, aproni huja pia: ioshe, ipige pasi, irudi Jumatatu, kwa sababu mtoto mwingine ndiye anayeivaa wiki hiyo. Usipoirudisha, asiye na aproni ni mtoto wa mwenzako.

Dalili ya kufaulu utaisikia: wiki ya nne au ya tano mtoto mwenyewe atakuletea karatasi akisema “hii ni ya kurudisha.”

## Hatua ya 8: Homa, na kadi ya bwawa

Mtoto asipokwenda shule, taarifa inatoka asubuhi kabla masomo hayajaanza, kwa programu au simu. Sentensi ya simu: 熱があるので休みます (netsu ga aru node yasumimasu), ana homa, hatakuja. Usipotoa taarifa wataanza kumtafuta barabarani, na wana haki. Ukinyamaza, utapigiwa simu kazini.

Mafua makali ya influenza yana kanuni ya nchi nzima: mtoto wa shule harudi mpaka zipite siku tano tangu dalili zianze na siku mbili tangu homa ishuke, yote mawili.

Hili lisome mara mbili. Kama mmerudi karibuni kutoka likizo Afrika Mashariki na mtoto akapata homa, mwambie daktari neno la kwanza kabisa: tumetoka eneo la malaria (マラリア). Ugonjwa huo ni nadra Japani, na daktari wa mtaani anaweza asiufikirie. Omba kipimo siku hiyohiyo, au rufaa ya hospitali inayoweza kupima.

Juni na Julai huja kadi ya bwawa. Kila asubuhi ya kuogelea unapima joto, unaandika namba, unatia saini au muhuri. Nafasi ikiwa tupu, mtoto haingii majini hata akiwa mzima kama kigogo. Funga kalamu na kipimajoto kwenye kadi kwa mpira. Hiki ndicho kisa cha wale watoto wanaokaa kando ya bwawa.

## Hatua ya 9: Pesa

Masomo ni bure, ila kuna vifaa vya mazoezi, chakula na safari. Malipo mengi hukatwa kwenye akaunti siku maalumu ya mwezi. Weka fedha siku mbili kabla. Mengine huja na bahasha, na bahasha inataka kiasi kamili. Yen 370 ni yen 370. Hapa ndipo kopo lako la sarafu linapokuokoa asubuhi ya 7:30, maana mwalimu hana chenji ya noti ya 1,000.

Familia yenye kipato kidogo inaweza kuomba msaada wa gharama za shule (shūgaku enjo), unaosaidia vifaa, chakula na safari. Wanafunzi wengi wanaoishi kwa posho ya masomo wanastahili na hawaombi, ama kwa kutojua ama kwa haya. Fomu hugawiwa wote, na huombwa upya kila mwaka. Manispaa hutaka kuona hali ya kipato, kwa hiyo hata usiye na mshahara nenda ukatoe tamko la kodi ya wakaazi, vinginevyo watakosa cha kutazama na ombi litakwama.

## Hatua ya 10: Wiki ya mwisho kabla ya likizo ya kiangazi

Kabla ya likizo ya kiangazi kila kitu hurudi nyumbani: boksi la hesabu, nguo, kofia ya tetemeko. Mtoto wa darasa la kwanza ana kitu kimoja zaidi. Huwa wameotesha ua la asagao, kila mtoto na chungu chake cha plastiki chenye vijiti vya kutambalia, nacho lazima kije nyumbani kimwagiliwe na kuandikiwa ripoti likizo nzima.

Mtoto wa miaka sita hawezi kukibeba pamoja na begi, na siku za mwisho wazazi hupanga foleni langoni. Nenda siku mbili tatu mapema, na mfuko mkubwa wa plastiki wa kuzuia udongo. Maua yakinyauka usitupe chungu: mbegu hukusanywa, na Septemba karatasi ya kurudisha chungu itakuja.